Patagonia 1921: je, ulikuwa uasi wa wanaanarki, na waliouawa walikuwa wangapi?

*Swali: "Kikundi chetu cha kusoma historia ya wafanyakazi kimenipa dakika arobaini nizungumzie uasi mmoja wa wanaanarki usiojulikana sana. Nimechagua Patagonia, kusini mwa Argentina, 1920 hadi 1922. Tatizo ni kwamba kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyochanganyikiwa. Mmoja anasema wafanyakazi 1,500 walipigwa risasi, mwingine anasema walikufa wachache tu vitani. Wapo wanaosema walikuwa majambazi waliotumwa na Chile, na wapo wanaosema walitaka kujenga nchi isiyo na serikali. Kiongozi wao, Antonio Soto, kwa wengine ni shujaa, kwa wengine aliwakimbia wenzake. Na yule Mjerumani aliyemuua kamanda wa jeshi, eti alikuwa mtu wa amani! Kihispania sijui. Nitaisimuliaje habari hii bila kudanganya na bila kuaibika mbele ya wajuzi?"*

Ndugu msomaji, usijilaumu. Kwa miaka mingi habari hii ilikuwa na wasimulizi wawili wanaoshtakiana: magazeti ya vyama vya wafanyakazi upande mmoja, jeshi na wenye ranchi upande wa pili. Mahakama haikukaa kuwahukumu waliofyatua risasi, na waliofukiwa makaburini wengi hawakuandikwa majina. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo mwandishi Osvaldo Bayer alipoanza kukusanya nyaraka na kuwahoji wazee waliokuwapo, wakiwamo wanajeshi, na akaanza kuchapisha alichokipata mwaka 1972. Mengi unayoyasoma leo, kwa lugha yoyote, yanatoka kwake hata pale jina lake lisipotajwa. Kwa hiyo ukikuta makala kumi zinazokubaliana, usizihesabu kuwa mashahidi kumi. Huenda ni shahidi mmoja aliyenakiliwa mara kumi.

Ushauri wangu ni huu: jina la "wanaanarki", yaani wanaotaka jamii ijiendeshe bila serikali, liweke kando kwanza. Anza na karatasi ya madai ya wafanyakazi, kisha fuata namna walivyokuwa wakifanya uamuzi, hatua kwa hatua, hadi siku ya mwisho. Mwaka 1921 jina hilo lilikuwa na kazi mbili zisizofanana. Kwa Soto na wenzake wachache lilikuwa imani. Kwa wenye ranchi na jeshi lilikuwa kibali cha kuua. Ukianza nalo, wasikilizaji wako watagawanyika kabla hujawaeleza hao watu walikuwa wakidai nini.

Tuanze na mahali penyewe. Santa Cruz ina kilomita za mraba zipatazo 244,000, karibu robo ya Tanzania, na mwaka 1920 ilikuwa na watu chini ya 20,000. Ni nchi ya upepo, majani makavu na kondoo. Ardhi ilishikwa na familia na makampuni machache, mengi ya Waingereza au ya koo za Menéndez na Braun, na sufu ilipakiwa melini kwenda Ulaya. Halikuwa jimbo lenye haki kamili. Gavana aliteuliwa kutoka Buenos Aires. Aliyekaimu ugavana mwaka 1920, Edelmiro Correa Falcón, alikuwa wakati huohuo katibu wa chama cha wenye ranchi. Hapo sihitaji kuongeza neno. Vibarua wengi walitoka kisiwa cha Chiloé nchini Chile, wakichanganyika na Wahispania, Wajerumani, Warusi na Waargentina wenyewe.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza sufu ilikuwa mali, kwa kuwa majeshi yalitaka makoti na blanketi. Vita ilipokwisha maghala ya Uingereza yalikuwa yamejaa sufu ya Australia na New Zealand, na bei ikaporomoka. Wenye ranchi waliushusha mzigo huo kwa vibarua: ujira ukabanwa, ukacheleweshwa, na wengine wakalipwa kwa hundi zilizokuwa ngumu kubadilishwa. Lishike jambo hili, maana litarudi kwenye mgomo wa pili na kueleza kwa nini ulikwenda vibaya.

Sasa madai. Mwaka 1920 chama cha wafanyakazi cha Río Gallegos, mji mkuu wa eneo hilo, kilimchagua Antonio Soto kuwa katibu. Alikuwa kijana wa miaka 23, mzaliwa wa Ferrol huko Galicia, Hispania, aliyefika kusini na kundi la maigizo akihudumu jukwaani. Mvutano ulianza majira ya Septemba na Oktoba mwaka huo. Chama kilitaka kumkumbuka Francisco Ferrer, mwalimu wa shule huria aliyepigwa risasi Barcelona tarehe 13 Oktoba 1909, na polisi wakakataza. Ikafuata migomo mjini, kisha moto ukahamia ranchi. Mnamo Novemba chama kikatoa karatasi ya madai, na hiyo ndiyo uisome kwa sauti mbele ya kikundi chako, polepole.

Walidai kwamba katika chumba cha mita nne kwa nne wasilale zaidi ya watu watatu, na kila mtu awe na kitanda na godoro kwa gharama ya mwajiri. Walidai pakiti moja ya mishumaa kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Chumba cha kukaa pamoja kiwe na jiko la kuotea moto, taa na mabenchi. Jumamosi mchana iachwe kwa kufua nguo. Chakula kiwe cha aina tatu, supu ikiwamo, pamoja na chai, kahawa au yerba mate, kinywaji cha majani cha Amerika ya Kusini. Siku ya dhoruba au mvua wasitolewe nje kufanya kazi isipokuwa kwa dharura ya kweli. Kila kituo kiwe na sanduku la huduma ya kwanza lenye maelezo ya Kihispania, kwa kuwa yaliyokuwapo yaliandikwa Kiingereza na mgonjwa hakujua dawa ipi ni ya nini. Anayeachishwa kazi arudishwe mahali alipochukuliwa. Ujira usipungue peso 100 kwa mwezi pamoja na chakula. Mwisho, kila ranchi iwe na mjumbe wa wafanyakazi, na chama kitambuliwe.

Baada ya kuyasoma hayo, uliza kikundi chako ni dai lipi hapo la kuangusha dola. Hakuna. Lakini usiharakishe kusema kwamba basi uanarki haukuwapo, nitalirudia hilo. Dai lililowachoma wenye ranchi halikuwa mshumaa. Lilikuwa mjumbe. Mshumaa ni gharama unayoweza kuikata mwakani. Mjumbe ni macho ya chama ndani ya banda lako la kukatia sufu.

Nguvu ya mgomo ilitoka kwenye kalenda. Kondoo hukatwa sufu mara moja kwa mwaka, na huko kusini kazi hiyo huangukia kati ya Oktoba na Januari. Ukiacha kufanya kazi mwezi wa Juni hakuna anayejali. Ukiacha Novemba, sufu inabaki mgongoni mwa kondoo na mwenye mali anahesabu hasara kila asubuhi. Ndiyo maana migomo yote miwili ilianza majira hayo. Namna yake nayo ilikuwa ya pekee. Katika nchi ambayo ranchi moja na nyingine zinaweza kutengana kwa mwendo wa siku nzima, huwezi kuweka watu langoni na kusubiri. Wagomaji walipanda farasi wakatembea kwa makundi, ranchi hadi ranchi, wakiwaita wenzao waungane nao. Walichukua farasi, chakula na bunduki, na mara nyingi waliacha stakabadhi ili chama kije kulipa baadaye. Waliwachukua pia wenye ranchi na mameneja wao kama mateka. Hili la mateka usilifiche. Wapinzani watalitaja, na wana haki ya kulitaja. Liseme mwenyewe, na useme pia kwamba kwa jumla mateka hao walirudi hai.

Mgomo wa kwanza ulikuwa na damu. Eneo la Lago Argentino walikuwapo watu wawili waliojulikana kwa majina ya utani, El 68 na El Toscano, ambao walipenda bunduki kuliko kikao. Januari 1921, mahali paitwapo El Cerrito, kundi lao lilikabiliana na polisi na watu wakafa pande zote mbili. Hadithi ya "majambazi" ilizaliwa hapo. Ina chembe ya ukweli kuhusu watu hao wawili, ambao Soto mwenyewe alipingana nao na ambao katika mgomo wa pili hawakuwa viongozi, kisha ikapakwa juu ya mamia ya wakata sufu wasiohusika. Ukiulizwa, jibu kwa utaratibu huo: nani, lini, wapi.

Rais Hipólito Yrigoyen alimtuma Luteni Kanali Héctor Benigno Varela na kikosi chake cha farasi, akamtuma pia gavana mpya, Ángel Ignacio Yza. Watu wengi husahau kwamba Varela, alipofika mara ya kwanza mwanzoni mwa 1921, hakuua. Alisikiliza, akawashawishi wagomaji wasalimishe silaha, na makubaliano yakafikiwa yaliyokubali sehemu kubwa ya madai. Wenye ranchi wakamshutumu kwamba amewabembeleza wahalifu. Varela akarudi Buenos Aires akiamini kazi imekwisha. Ukiiruka sehemu hii hutaelewa lililofuata, wala hutaelewa kwa nini wafanyakazi walimsogelea mtu huyohuyo miezi michache baadaye bila woga uliostahili. Walimjua kama mpatanishi.

Makubaliano hayakutekelezwa. Msimu mpya ulipokaribia, waajiri wengi waliendelea kama vile hakuna kilichosainiwa, na walipata msaada wa walinzi wa Liga Patriótica, jumuiya ya wazalendo wa mrengo wa kulia iliyoongozwa na Manuel Carlés. Soto alizunguka ranchi kuandaa mgomo, na Oktoba 1921 polisi wakawakamata viongozi waliobaki pwani na kuwafukuza baadhi yao nchini. Mgomo wa pili ulianza hivyo, na dai lake la kwanza lilikuwa kuachiliwa kwa waliokamatwa. Makundi manne makubwa yalijitokeza: la Soto kusini-magharibi; la Ramón Outerello, ambalo mamia ya watu wake waliushika mji mdogo wa Paso Ibáñez; la Albino Argüelles, mhunzi wa San Julián; na la José Font, mwendesha mikokoteni aliyeitwa Facón Grande, kaskazini karibu na reli ya Puerto Deseado.

Kwa nini safari hii walishindwa vibaya hivyo? Wengi hujibu "ukatili wa Varela" na kuishia hapo. Ukatili ulikuwapo, lakini ulipata nafasi kwa sababu nyingine tatu au nne, na hizi ndizo zitakazokipa kikundi chako cha kujadili. Sufu ya nyuma ilikuwa bado haijauzwa, hivyo baadhi ya waajiri wangeweza kusubiri kuliko mwaka uliotangulia. Kalenda haikuwauma tena kwa ukali uleule. Viongozi wa mijini walikuwa gerezani, kwa hiyo makundi ya mashambani hayakuwa na mtu wa kuwapelekea habari. Simu za maandishi, reli na magari vilikuwa upande wa jeshi, na kundi moja halikujua lililolipata jingine. Outerello na wenzake walikwisha kupigwa risasi huku wengine wakiendelea kungoja mazungumzo. Tena, wafanyakazi wa Buenos Aires walikuwa wamegawanyika. Shirikisho lao, FORA, lilitangaza ukomunisti wa kianarki kuwa lengo lake mwaka 1905, likapasuka vipande viwili mwaka 1915, na ilipofika 1921 kipande kimoja kilimwona Soto mkorofi. Mgomo wa kuwaunga mkono haukuja.

Varela alirejea Novemba 1921 na askari wapatao 200. Alitoa amri ya maandishi iliyotishia kupiga risasi watakaokutwa na silaha na wasiotii. Hapakuwa na tangazo la rais la sheria ya kijeshi, hapakuwa na mahakama, na mwaka huohuo Bunge la Argentina lilikuwa limepitisha kanuni mpya ya adhabu iliyoondoa hukumu ya kifo. Mambo haya matatu yataje pamoja. Ndiyo yanayoiondoa habari hii kwenye kundi la "vita" na kuiweka mahali pake.

Sehemu utakayoipa muda mrefu ni ranchi ya La Anita, mali ya ukoo wa Menéndez karibu na Lago Argentino, mwanzoni mwa Desemba. Kundi la Soto lilikuwa na mamia ya watu. Jeshi, chini ya Kapteni Viñas Ibarra, lilikuwa linakaribia na likataka wajisalimishe bila masharti. Wafanyakazi wakafanya mkutano wa wote, kama walivyofanya siku zote. Soto alisimama akasema watapigwa risasi, wasijisalimishe. Mjerumani mmoja, Pablo Schulz, naye alipinga kujisalimisha; yeye alitaka wapigane. Wengi, hasa vibarua wa Chiloé waliotaka tu kurudi kazini, walipiga kura ya kujisalimisha. Kura ikawa imepita.

Hapo wawili hao wakaachana njia. Schulz alisema uamuzi wa mkutano ni uamuzi wake hata kama ni makosa, akabaki, akauawa. Soto alisema hatatoa mwili wake kwa risasi kwa sababu ya kura, akapanda farasi na wenzake wapatao kumi na wawili, akavuka milima hadi Chile. Waliobaki walipangwa mstari, wenye ranchi wakaalikwa kuwatambua "wabaya" na wale waliowahitaji kazini, na walioteuliwa wakapigwa risasi.

Basi, Soto aliwakimbia? Mimi nasema hapana, na nitakupa sababu ili uzipime mwenyewe. Hakuondoka kwa siri. Aliwaambia waziwazi kitakachotokea na kuwasihi waondoke pamoja naye. Hakuwa na cheo cha kuwaamuru, maana katika chama hicho katibu hana amri juu ya mkutano. Kumlaumu kwa kutowalazimisha ni kumtaka awe jemadari, kitu alichokikataa tangu mwanzo. Lakini wapo watu makini wanaoona kwamba aliyewaita watu kwenye mgomo alipaswa kufa nao, na sitakuambia kwamba maoni hayo ni upuuzi. Inasemekana Soto mwenyewe alibaki na mzigo huo. Aliishi Chile, akajaribu kurudi Río Gallegos mwaka 1933 akafukuzwa, na akafa Punta Arenas mwaka 1963.

Kaskazini hali ilikuwa tofauti kidogo. Karibu na kituo cha reli cha Tehuelches watu wa Facón Grande walirushiana risasi na askari wa Varela na kuwarudisha nyuma. Kisha wakaletewa ahadi: wakiweka silaha chini, maisha yao yatahifadhiwa na madai yatasikilizwa. Font akaiamini. Akauawa Jaramillo, Desemba 1921. Argüelles naye alikuwa ameshapigwa risasi na kikosi cha Kapteni Anaya.

Tuje kwenye idadi. Idadi ya 1,500 ni ya upande wa wafanyakazi, na ndiyo ya juu kabisa inayotajwa. Makadirio mengine huanzia 300. Taarifa za jeshi zilizungumzia waliokufa "vitani", na hapo ndipo penye upenyo. Katika kampeni nzima ya pili, wanajeshi waliokufa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Vita gani hivyo ambapo upande mmoja unapoteza mamia na mwingine watu wasiofika watano, dhidi ya wapanda farasi wenye bunduki wanaoijua nchi? Hoja hiyo ina nguvu kuliko tarakimu yoyote, na haitegemei ni nani unayemwamini. Mbele ya kikundi chako sema hivi: "Waliuawa mamia, wengi wao baada ya kujisalimisha, makadirio yanakwenda kutoka 300 hadi 1,500." Ukisema 1,500 tu, mtu mmoja atakurukia na mazungumzo yote yataishia kwenye hesabu. Ikiwa atadai ni uzushi wa baadaye, mkumbushe kwamba mwaka 1922 mbunge wa Kisoshalisti Antonio de Tomaso alilipeleka suala la mauaji haya katika Bunge la Argentina.

Kuhusu Chile, mpaka wa kusini ulikuwa na historia ya migogoro, na vibarua wengi walikuwa Wachile. Kutoka hapo ikawa rahisi kudai kwamba nyuma ya mgomo kuna uvamizi. Lakini huko Chile wanaanarki na vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikiandamwa vilevile. Julai 1920 ofisi ya shirikisho la wafanyakazi la Punta Arenas ilichomwa moto watu wakiwa ndani. Serikali inayofanya hivyo kwake haiwapeleki wanaanarki kwa jirani. Dai hili lipe dakika moja, lisizidi.

Sasa naweza kujibu swali lako kubwa. Ulikuwa uasi wa wanaanarki? Soto alikuwa mwanaanarki, na Schulz pia. Argüelles alikuwa Msoshalisti. Facón Grande alikuwa mtu wa farasi na mikokoteni aliyeheshimiwa na wenzake, hakuwa mfuasi wa kitabu chochote. Vibarua wa Chiloé walitaka mishumaa. Ukitafuta uanarki katika malengo hutaupata. Utafute katika utaratibu: mkutano wa wote kuwa juu ya katibu, mjumbe anayetoka miongoni mwa wanaofanya kazi, kukataa kurudi kazini mpaka wafungwa watoke, kutokuwa na mpango wowote wa kukalia kiti cha gavana. Utaratibu huo ndio uliowaunganisha watu wa lugha mbalimbali waliotawanyika katika eneo kubwa namna ile, na ndio pia uliopiga kura ya La Anita. Usiufanye mtakatifu. Mkutano wa wote unaweza kukosea mchana kweupe, hasa wapiga kura wanapokuwa na habari za zamani kuhusu adui yao. Wao walimpigia kura Varela wa Februari, wakakutana na Varela wa Desemba.

Kurt Wilckens, yule Mjerumani uliyemtaja aliyemuua kamanda, anahitaji uangalifu. Alizaliwa Bad Bramstedt, kaskazini mwa Ujerumani, mwaka 1886. Alifanya kazi migodini Marekani, akawa miongoni mwa wagomaji wa migodi waliosombwa kwa nguvu kutoka Bisbee, Arizona, mwaka 1917, na mwaka 1920 akafukuzwa nchini humo. Hakuwahi kushiriki migomo ya Santa Cruz. Alizisoma habari akiwa Argentina, na alikuwa akiandikia magazeti ya wanaanarki wa Ujerumani. Ni kweli kwamba alivutiwa na mafundisho ya Tolstoy na kupinga vita. Januari 1923, katika mtaa wa Fitz Roy, Buenos Aires, alimtupia Varela bomu kisha akampiga risasi. Mtoto wa kike alitokea njiani dakika ileile. Wilckens akamkinga kwa mwili wake, vipande vya bomu vikamvunja mguu, na hivyo hakuweza kukimbia. Juni mwaka huo alipigwa risasi akiwa amelala gerezani na Jorge Pérez Millán, mtu wa Liga Patriótica aliyejipenyeza kama mlinzi. Pérez Millán akatangazwa kuwa na wazimu na kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko, mwaka 1925, akauawa na mgonjwa mwingine, Esteban Lucich, kwa uchochezi wa mwanaanarki Mrusi, Boris Wladimirovich.

Hapa wasimulizi wengi huteleza. Mnyororo huu wa visasi unavutia kama filamu, na ukiuachia utameza dakika ishirini. Mpe Wilckens dakika tano. Usijaribu kulipatanisha swali la mtu wa amani aliyeua. Eleza mambo yote mawili yalivyo, waache wenzako wabishane. Na usiseme wanaanarki wote walimshangilia. Tangu mwanzo wapo miongoni mwao wanaoamini kwamba kuua kamanda mmoja hakubadilishi mfumo uliomtuma.

Muda utakaouokoa uwape wanawake watano wa San Julián. Februari 1922, askari waliomaliza kazi walipelekwa kwa zamu kwenye danguro lililoitwa La Catalana. Wanawake wakagoma. Walitoka na mifagio na fimbo, wakawafukuza wakiwaita wauaji. Polisi waliwakamata na kuandika majina yao: Consuelo García, Ángela Fortunato, Amalia Rodríguez, María Juliache na Maud Foster. Wiki chache kabla ya hapo, huko Río Gallegos, jamii ya Waingereza ilikuwa imemwandalia Varela sherehe ya mwaka mpya. Matukio haya mawili yaweke sambamba bila kutoa maoni. Na utambue kwamba majina haya tunayo kwa sababu ya kalamu ya polisi, ilhali wengi wa waliopigwa risasi La Anita hawana hata hilo.

Umetaja dakika arobaini tu, kwa hiyo usiongeze maasi mengine, kama la Makhno wa Ukraine, la Kronstadt, Urusi, ya Machi 1921 wala Casas Viejas ya Hispania ya 1933. Kila moja inastahili siku yake, na ukizipanga zote kwenye mstari zitafanana, wakati hazifanani. Mimi ningegawa hivi: dakika nane za mahali na sufu, saba za karatasi ya madai, tano za mgomo wa kwanza na makubaliano, kumi na mbili za mgomo wa pili ukiishia La Anita, na nane zilizobaki za idadi, Wilckens na San Julián. Maswali yaje baadaye.

Angalia picha pia. Mwaka 1974 ilitengenezwa filamu ya Argentina juu ya matukio haya, na ukitafuta picha mtandaoni ni rahisi kuchukua onyesho la waigizaji ukalitundika kama ushahidi wa 1921. Picha isiyokuwa na jina la hifadhi ilikotoka usiitumie.

Kutojua Kihispania si kikwazo cha kutoa mada, ila karatasi ya madai usiitafsiri kwa mashine peke yake. Mtafute mtu anayejua lugha hiyo, mwalimu wa chuo au hata mtawa aliyesomea Amerika ya Kusini, mkae naye saa moja muipitie mstari kwa mstari, maana maneno ya ranchi na ya vitanda hutafsiriwa ovyo sana. Ukitaka kuchapisha mada yako, mpe kwanza mhadhiri wa historia ya kazi aisome, hasa aya zenye tarakimu. Na ukitaka kwenda mbali zaidi, waandikie wahifadhi wa CeDInCI huko Buenos Aires, wanaotunza magazeti ya mrengo wa kushoto wa Argentina na wameweka mengi kidijitali, au wa Taasisi ya Kimataifa ya Historia ya Jamii, Amsterdam, yenye mkusanyiko mkubwa wa nyaraka za wanaanarki. Waandikie kwa Kiingereza, taja mwaka, mji na jina la chama unachokitafuta. Ombi la jumla kama "kila kitu kuhusu Patagonia" halitakufikisha mbali.